Kipi Kinamsaidia Atakayeulizwa? Tathmini ya Fomu, Kadi na Video za Kupanga Matibabu Mapema

Mgonjwa anapozidiwa hadi asiweze kusema, daktari humgeukia mtu aliye karibu na kitanda na kumuuliza maswali ambayo huenda hajawahi kuyafikiria: mgonjwa awekewe mashine ya kupumulia au asiwekewe, akandamizwe kifua moyo ukisimama au aachwe apumzike, ahamishiwe chumba cha wagonjwa mahututi au abaki wodini akipewa dawa za maumivu. Nyenzo ninazozitathmini hapa zote zimebuniwa kwa ajili ya saa hiyo, ingawa si zote zinazoikumbuka. Baadhi zinaliridhisha faili la hospitali kuliko mtu atakayepigiwa simu usiku wa manane. Kwa kuwa hicho ndicho kipimo nilichokitumia, nakitaja mapema: kila nyenzo nimeisoma kwa jicho la mwakilishi, yaani yule atakayeamua kwa niaba ya mgonjwa, nikijiuliza kama itamwachia la kusema.

Historia ya nyenzo hizi ni fupi, na ndani yake mna maelezo ya kasoro zao. Mwaka 1969 mwanasheria Luis Kutner wa Chicago alipendekeza kwamba mtu mwenye akili timamu aweze kuandika, akiwa bado na afya, ni matibabu gani asingependa apewe atakapokuwa hana fahamu wala matumaini ya kupona. California ililipa wazo hilo nguvu ya sheria mwaka 1976, na mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayozitaka hospitali zinazolipwa na bima za serikali kumweleza kila mgonjwa mtu mzima anayelazwa haki yake ya kuacha maelekezo ya namna hiyo. Nyenzo za kwanza zilikuwa, kwa hiyo, fomu za kisheria, na zinasomeka hivyo: masharti marefu, mahali pa sahihi, mahali pa mashahidi, na katikati yake sentensi moja au mbili kuhusu kurefusha maisha ambazo hazimwambii mtu lolote kuhusu nimonia ya mgonjwa wa kiharusi au figo zinazoanza kushindwa kazi. Utafiti mkubwa ulioitwa SUPPORT, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995 na uliohusisha wagonjwa zaidi ya 9,000 katika hospitali tano za Marekani, uliwatumia wauguzi waliofunzwa kuwafikishia madaktari taarifa za hali na matakwa ya wagonjwa wao. Mwisho wa yote, namna wagonjwa walivyotibiwa haikubadilika kwa kiasi cha kupimika.

Takwimu nyingine ni chungu zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti 16 ulikuta kwamba wawakilishi, wanapoulizwa mgonjwa wao angechagua nini katika hali fulani, hupatia kwa asilimia 68, na kwamba hawakupatia zaidi hata pale ambapo mgonjwa ndiye aliyewachagua au walikuwa wamewahi kuzungumza naye kuhusu matibabu. Anayedhani kwamba mazungumzo yoyote yale yanatosha na aisome sentensi hiyo mara mbili. Kinachotakiwa ni mazungumzo ya aina fulani, na tofauti kati ya nyenzo nzuri na nyenzo mbaya imo humo. Mwaka 2010 Rebecca Sudore na Terri Fried, wote wawili madaktari wa wazee, waliandika kwamba lengo la kupanga mapema libadilishwe: badala ya kujaribu kuamua leo kuhusu mashine ya kesho, mgonjwa na mwakilishi wake waandaliwe kuamua vizuri pale jambo litakapotokea. Nakubaliana nao, na msomaji ataona kwamba nyenzo ninazozipa alama za juu ni zile zinazoelekea huko.

Nianze na Five Wishes, ambayo inajulikana kuliko nyingi. Ilitolewa na Aging with Dignity, shirika lililoanzishwa na Jim Towey, aliyewahi kuwa mwanasheria wa Mama Teresa; ilianza Florida mwaka 1997 na mwaka uliofuata ikasambazwa Marekani nzima. Ni kijitabu chenye matakwa matano: nani aamue kwa niaba yangu, matibabu gani nayataka na yapi siyataki, nistareheshwe kwa kiasi gani, watu wanitendee vipi, na wapendwa wangu wajue nini. Lugha yake ni ya mtu wa kawaida anayezungumza na watu wake. Katika takwa la tatu mgonjwa anasema apewe dawa ya kutosha kuondoa maumivu hata kama itamfanya alale zaidi, awekewe kitambaa chenye unyevunyevu kichwani akiwa na homa, na midomo yake isiachwe ikauke. Katika la nne anasema ashikwe mkono, na picha za watu wake ziwekwe karibu na kitanda. Mambo haya wengine huyaona madogo. Mimi nayaona kuwa sehemu bora ya kijitabu kizima, kwa sababu yanampa mwakilishi kazi ya kufanya katika siku ambazo maamuzi makubwa yamekwisha kufanywa na kilichobaki ni kukaa pale. Mwana ambaye hawezi kuuzuia ugonjwa anaweza kulowesha kitambaa, na anajua kwamba aliombwa afanye hivyo.

Takwa la pili, ambalo ndilo linalogusa matibabu, ni dhaifu. Linaeleza hali kadhaa, kama vile kuwa karibu na kufa, kupoteza fahamu bila matarajio ya kuzinduka, na kuharibika vibaya kwa ubongo, kisha kwa kila hali linamtaka mtu achague: nayataka matibabu ya kurefusha maisha, siyataki, au nayataka iwapo daktari anaamini yatasaidia. Chaguo hilo la mwisho ndilo kimbilio la mtu mwenye busara asiyejua la kusema, na halimsaidii mwakilishi hata kidogo, kwa kuwa kusaidia nako kunategemea mtu anataka kufika wapi. Mashine inaweza kumsaidia mgonjwa aishi wiki tatu zaidi bila kumtambua mtu. Je, huko ni kusaidiwa? Fomu haiulizi. Kasoro ya pili ni ya mpangilio. Katika matakwa matatu ya mwisho maneno yamekwisha kuandikwa, na mtu hutakiwa kukata yale asiyokubaliana nayo. Ni rahisi, lakini anayekuja kuisoma baadaye hawezi kutofautisha mstari ambao mgonjwa aliutafakari na kuuacha kwa makusudi na mstari ambao jicho lake liliupita tu. Ningeshauri anayeitumia aweke alama yake kando ya mistari michache inayomgusa kweli, aandike neno la ziada kwa mkono wake, kisha amsomee mwakilishi mistari hiyo na si mingine.

PREPARE for Your Care ni ya namna tofauti kabisa. Ni tovuti ya bure iliyobuniwa na huyo huyo Sudore na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na inamwongoza mtu katika hatua tano: kumchagua mwakilishi, kuamua ni nini cha maana zaidi maishani na katika matibabu, kuchagua uhuru atakaopewa mwakilishi, kuwaeleza wengine, na kuwauliza madaktari maswali yanayofaa. Maandishi yake ni makubwa na ya kiwango cha msomaji wa darasa la tano, na kila hatua ina video fupi za watu wanaozungumza na jamaa na madaktari wao. Video hizi ndizo nguvu ya tovuti. Mtu mzima ambaye hajawahi kumsikia mzee akimwambia bintiye kwamba yeye ndiye atakayeamua hupata pa kuanzia, kwa kuwa ameona maneno yanavyotoka kinywani na anayeambiwa anavyoyapokea. Fomu ingemwamuru azungumze na jamaa zake. Video inamwonyesha namna.

Hata hivyo hatua ya tatu ndiyo inayoiweka PREPARE mbele ya nyenzo nyingine zote nilizozisoma. Mgonjwa anaulizwa kama anampa mwakilishi wake uhuru kamili wa kubadili maamuzi iwapo madaktari wataona kuna jambo lenye manufaa zaidi, au uhuru wenye mipaka, au hampi uhuru wowote na anataka maneno yake yafuatwe kama alivyoyasema. Swali ni fupi, na linalenga penye mateso ya watu wengi: mwakilishi anayejua matakwa ya mgonjwa lakini anakabiliwa na hali ambayo mgonjwa hakuiwaza. Je, akienda kinyume na maneno aliyoambiwa atakuwa amesaliti, au ametumia akili kama alivyotarajiwa? Aliyejibiwa swali hilo mapema na mgonjwa mwenyewe hubeba mzigo mwepesi zaidi kuliko aliyeachiwa orodha ya mashine zinazokubaliwa na zinazokataliwa. Naona ajabu kwamba fomu nyingi za kisheria hazina swali hili hata kwa mstari mmoja.

Ushahidi wake ni wa kuridhisha, ingawa usomwe kwa uangalifu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanajeshi wastaafu 414 wa San Francisco waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa fomu iliyoandikwa kwa lugha nyepesi na jingine likapewa fomu hiyo pamoja na tovuti. Kumbukumbu mpya za matakwa zilionekana kwenye mafaili ya asilimia 35 ya waliotumia tovuti, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa fomu peke yake. Mwaka 2018 jaribio lingine la wagonjwa 986 wanaosema Kiingereza au Kihispania lilitoa asilimia 43 dhidi ya 32. Tofauti ni ya kweli, na imepatikana bila daktari wala muuguzi kuongeza dakika moja ya kazi. Lakini kilichohesabiwa ni kumbukumbu ndani ya faili, na kwa kipimo changu hiyo bado ni nusu ya safari. Naongeza malalamiko mawili madogo: mwendo wa tovuti ni wa polepole kwa mtu aliyezoea kusoma haraka, na fomu zake zimetungwa kwa sheria za majimbo ya Marekani, hivyo anayeishi kwingineko achukue hatua tano na kuziacha fomu.

The Conversation Project ilianzishwa na Ellen Goodman, mwandishi wa safu za magazeti ambaye alilazimika kumwamulia mama yake bila ya kuwa wamewahi kuzungumza kuhusu jambo hilo, na tangu mwaka 2012 imeendeshwa kwa ushirikiano na taasisi ya kuboresha huduma za afya iitwayo IHI. Takwimu yake inayonukuliwa mara nyingi ni ya uchunguzi wa mwaka 2018 nchini Marekani: asilimia 92 ya watu walisema ni muhimu kuzungumza na wapendwa wao kuhusu matunzo ya mwisho wa maisha, na asilimia 32 ndio waliokuwa wamezungumza. Mwongozo wao wa kuanzisha mazungumzo unapatikana bure, nao umejengwa juu ya mizani yenye namba moja hadi tano, ambapo mtu huweka alama mahali anaposimama kati ya pande mbili. Upande mmoja anataka kujua mambo ya msingi tu kuhusu ugonjwa wake, upande wa pili anataka kuambiwa kila kitu. Upande mmoja anaogopa kwamba atatibiwa kidogo mno, upande wa pili anaogopa atatibiwa kupita kiasi.

Mizani ni kitu kizuri kwa kuanzisha maneno na kibaya kwa kuyamaliza. Nani asiyeweka tatu? Mwakilishi anayekuta tatu kila mahali hana alichopata. Lakini katika matoleo ya mwongozo niliyoyasoma upo mzani mmoja unaotosha kuwa sababu ya kuufungua: upande mmoja mgonjwa anataka watu wake wafanye hasa kile alichosema, hata kama wao kitawasumbua, na upande wa pili anataka wafanye kile kitakachowapa amani, hata kama kinapingana na alichosema. Ni swali lile lile la PREPARE kuhusu uhuru wa mwakilishi, limeulizwa kwa upande wa hisia. Wapo wagonjwa ambao amani ya waliobaki ni muhimu kwao kuliko mrija wowote, na hakuna fomu ya mashine itakayolifichua hilo. Kwa familia ambayo haijawahi kabisa kuligusa jambo hili ningeanza na mwongozo huu. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana ugonjwa mkubwa ningeupita haraka, kwa kuwa haumfikishi kwenye ugonjwa wenyewe.

Sasa kadi. Go Wish, zilizobuniwa na Coda Alliance ya California, ni kadi 36, na 35 kati yake zina sentensi moja kila moja kuhusu jambo ambalo watu hulitaja kuwa muhimu mwisho wa maisha: kutokuwa na maumivu, kuwa na akili timamu, kuwa na watu wangu karibu, kupatana na niliokosana nao, kuendelea kuwa mcheshi. Ya 36 haina jambo mahususi, mtu huijaza la kwake. Anayecheza huzigawa katika mafungu matatu, ya muhimu sana, ya muhimu kiasi na yasiyo muhimu, kisha huchukua kumi za juu na kuzipanga kwa uzito wake. Sikutarajia kwamba mchezo ungeweza kuzishinda fomu katika jambo zito namna hii, lakini kwa kipimo cha mwakilishi unazishinda, hasa unapochezwa na watu wawili: mgonjwa anapanga kadi zake, na mwakilishi kando yake anapanga seti ya pili kama anavyodhani mgonjwa angezipanga. Kisha wanalinganisha. Lile kosa la karibu mara moja kati ya tatu tulilolitaja mwanzo hujitokeza hapo mezani, wakati bado linaweza kurekebishwa kwa kucheka na kuuliza kwa nini. Sijui njia nyingine iliyo nyepesi hivi ya kumwonyesha mwenzi wa miaka mingi kwamba hamjui mwenzake kwa kadiri anavyodhani.

Kadi moja ichukuliwe kwa hadhari, nayo ni ile isemayo kwamba mtu hataki kuwa mzigo kwa familia yake. Hupanda juu kwa urahisi, na ikishapanda huelekea kuufunga mdomo wa kila mtu, kwa kuwa inasikika kama jibu kamili. Kwa kweli ni swali. Mzigo gani? Wa gharama, wa kuogeshwa na mwanawe, wa kuwafanya watu waache kazi, au wa kuwalazimisha waamue? Kila mmoja una tiba yake, na mwingine hauhusiani na matibabu hata kidogo. Anayecheza na mgonjwa asiiachie kadi hiyo kabla hajapata jibu. Na anayechezeshwa akiwa amechoka au haoni vizuri asomewe, kadi chache kwa siku, hakuna anayemfukuza.

Kadi, hata hivyo, hazimfundishi mtu dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ni nini. Kwa hilo zipo video za ACP Decisions, kazi iliyoanzishwa na daktari Angelo Volandes na wenzake, ambazo zinaonyesha kwa picha matibabu na hali ambazo maneno hushindwa kuzieleza. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009, wazee 200 waliambiwa kwa maneno kuhusu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulipofikia hatua za mwisho, na karibu nusu yao wakaonyeshwa pia video fupi ya mgonjwa mwenye hali hiyo. Waliosikia maneno peke yake, asilimia 64 walichagua matunzo ya kuwapa nafuu tu; walioona video, asilimia 86. Watengenezaji wanalichukua tokeo hili kama ushindi wa uelewa, na kwa sehemu kubwa nawaunga mkono, maana watu wengi dhana yao ya kukandamizwa kifua wameitoa kwenye tamthilia za televisheni, ambako mgonjwa hufumbua macho na kuuliza yuko wapi. Lakini picha ina nguvu ambayo haitangazi. Mgonjwa gani ameonyeshwa, katika siku yake njema au mbaya, akiwa na nani kando yake? Video inayoweza kuwasogeza watu ishirini katika kila mia inaweza kuwasogeza kokote, kwa hiyo mwenye kuitumia aitazame na mwakilishi wake pamoja, kisha waseme kwa maneno yao walichokiona kabla ya kuamua.

Kwa ugonjwa huo huo wa kupoteza kumbukumbu kuna fomu ninayoipendekeza bila kusita. Iliandaliwa na daktari Barak Gaster wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake, ikaelezwa katika jarida la JAMA mwaka 2017. Inaugawa ugonjwa katika hatua tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, inaeleza kwa sentensi chache mtu huwaje katika kila hatua, kisha inamwuliza lengo la matunzo liwe nini katika hatua hiyo: kuishi kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, au kutibiwa lakini bila kukandamizwa kifua wala mashine ya kupumulia, au kutibiwa pale tu anapoishi, au kupewa nafuu peke yake. Fomu za kawaida huwaza kifo cha karibu au kuzimia kusiko na mwisho, na ugonjwa huu hauko hivyo. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo mtu anaweza kula, kutabasamu na kupata nimonia mara kadhaa bila kumjua aliyemzaa wala aliyemzalia. Mwakilishi wa mgonjwa wa namna hii huulizwa si mara moja bali mara nyingi, na fomu inayobadilika kwa hatua inamfuata. Ina sharti moja tu, kwamba ijazwe mapema, wakati mwenyewe bado anaelewa anachokijaza.

Fomu za maagizo ya kitabibu nazigusa kwa ufupi kwa sababu hazimhusu mtu mwenye afya. POLST, iliyoanzia Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ReSPECT, iliyoletwa Uingereza mwaka 2017, hujazwa na mhudumu wa afya baada ya kuzungumza na mgonjwa aliye dhaifu sana au mwenye ugonjwa wa kutishia maisha, ili wahudumu wa gari la wagonjwa na wa dharura wajue la kufanya mara moja. Kosa linalofanyika ni kuzijaza kama karatasi za mapokezi, zikitiwa sahihi bila mazungumzo. Kati ya hizo mbili naipenda zaidi ReSPECT kwa kuwa inapitia mambo anayoyathamini mgonjwa na kile anachokihofia kabla ya kufika kwenye mapendekezo. Ifahamike pia kwamba nguvu za kisheria hutofautiana: ReSPECT ni mapendekezo, ilhali chini ya sheria ya England na Wales ya mwaka 2005 kukataa matibabu yanayookoa uhai hufunga mikono ya daktari iwapo kumeandikwa, kutiwa sahihi mbele ya shahidi, na kutamka wazi kwamba kunahusu hata pale ambapo uhai uko hatarini. Kabla ya kutegemea karatasi yoyote, mtu aulize sheria ya mahali alipo inaitambuaje.

Kuna nyenzo moja ambayo si kitu cha kushikwa, nayo ni mtu aliyefunzwa. Mpango wa Respecting Choices ulianza mwaka 1991 katika mji wa La Crosse, Wisconsin, ambako hospitali za mji zilikubaliana kuwa na waongozaji wa mazungumzo, fomu za aina moja na utaratibu wa kuziweka zionekane. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba asilimia 85 ya watu wazima waliofariki wakiwa chini ya huduma hizo walikuwa wameacha maelekezo ya maandishi. Mfano huo ulipochukuliwa na hospitali moja ya Melbourne na kujaribiwa kwa wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, matokeo ya mwaka 2010 yalikuwa haya: kati ya waliofariki ndani ya miezi sita, matakwa yalijulikana na kufuatwa kwa asilimia 86 ya walioongozwa, dhidi ya asilimia 30 ya wasioongozwa, na jamaa wa walioongozwa walikuwa na msongo, wasiwasi na sonona pungufu kuliko jamaa wa wasioongozwa. Hii ndiyo takwimu pekee katika tathmini hii inayopima waliobaki waliachwa katika hali gani, na imetoka kwa mtu aliyeketi na kuzungumza. Lazima niseme pia kwamba waliofariki walikuwa 56, idadi ndogo, na kwamba mwaka 2021 Sean Morrison, Diane Meier na Robert Arnold, wabobezi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, waliandika katika JAMA kwamba miaka mingi ya tafiti haijaonyesha kwamba kupanga mapema huboresha matunzo ya mwisho kama ilivyotarajiwa, na wakataka nguvu ielekezwe kwenye mazungumzo ya wakati wa ugonjwa wenyewe. Sisomi hoja yao kama hukumu ya kifo kwa nyenzo hizi. Naisoma kama hukumu kwa zile zinazoishia kwenye sahihi.

Pale ambapo hakuna mwongozaji, familia inaweza kuazima maswali ya madaktari. Ariadne Labs ya Boston, iliyoanzishwa na daktari Atul Gawande, imetoa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wahudumu wanaozungumza na wagonjwa wenye maradhi makubwa, na hakuna kinachomzuia binti au kaka kuyatumia maswali yake. Unaelewa nini kuhusu hali yako? Ugonjwa ukizidi, lipi ni muhimu kwako kuliko yote? Unaogopa nini? Ni uwezo gani ambao huwezi kufikiria kuishi bila huo? Uko tayari kuvumilia kiasi gani ili upate muda zaidi? Maswali mawili ya mwisho ndiyo nyenzo fupi na kali kuliko zote nilizozitaja, maana mwakilishi aliyesikia majibu yake anaweza kukabili matibabu ambayo jina lake halimo katika fomu yoyote.

Limebaki suala la kuhifadhi, ambalo makampuni ya programu za simu yameligeuza kuwa biashara kwa kuuza hifadhi za mtandaoni zenye nywila na ngazi za ruhusa. Nywila inayojulikana na mgonjwa peke yake haina kazi mgonjwa akiwa amezimia. Nakala iwe kwa mwakilishi, nyingine katika faili la daktari anayemjua mgonjwa, na picha ya kila ukurasa iwe ndani ya simu ya mwakilishi, ikiwa na tarehe inayosomeka. Karatasi irudiwe mgonjwa anapopata ugonjwa mpya, anapotoka hospitalini akiwa dhaifu kuliko alivyoingia, anapofiwa na mwenzi au anapomtaliki yule aliyemwandika kama mwakilishi, na nakala za zamani zikusanywe zichanwe, kwa kuwa daktari wa zamu akikuta karatasi mbili zinazopingana ataachana nazo zote na kuanza kuuliza upya.